Swali ni la Nani?

Desemba 2019 wakazi wa Gisenyi, mji wa Rwanda ulio mpakani na Kongo, walianza kupanga foleni kuchanjwa dhidi ya ugonjwa ambao nchi yao haikuwa na mgonjwa wake hata mmoja. Ng'ambo ya kizuizi, Ebola ilikuwa imeshaua watu zaidi ya 2,000 mashariki mwa Kongo tangu Agosti 2018, na Julai 2019 ilikuwa imeingia Goma, mji ulioshikana na Gisenyi ukuta kwa ukuta. Kampeni ile iliitwa Umurinzi, neno la Kinyarwanda lenye maana ya mlinzi. Dozi zilikuwa mbili, ya pili ikifuata baada ya wiki nane, na waliolengwa kwanza ni watu wa wilaya za Rubavu na Rusizi ambao riziki yao iko mpakani. Mpaka kazi ile inafungwa, watu zaidi ya 200,000 walikuwa wamechanjwa. Umoja wa Ulaya ulikuja kuidhinisha chanjo hiyo Julai 2020, kwa hiyo kila mkono ulionyooshwa mapema ulikuwa kinga kwa mwenyewe na taarifa kwa sayansi.

Ukifika Petite Barrière, kizuizi hicho cha mpakani, kabla jua halijapanda unaelewa kwa nini palichaguliwa pale. Akina mama wanapita na mabeseni kichwani, nyanya huku, sambaza wa Ziwa Kivu kule, mtoto mgongoni, Kinyarwanda kikigeuka Kiswahili katikati ya sentensi. Wakati wa Ebola kila mmoja alisimama kunawa mikono na kupimwa joto kabla ya kupita. Mtu mwenye haraka aliona usumbufu. Mtu mwenye jicho la utafiti aliona nani analala upande gani na kununua upande gani, na homa inafuata beseni lipi.

Kinachonishughulisha ni yale yanayotokea mahema ya chanjo yakishang'olewa. Gisenyi ina hospitali, lakini haina kitivo cha tiba. Wanaofundisha udaktari Rwanda wako Huye na Kigali, na tangu 2019 pia Butaro, kwenye kampasi ya Chuo Kikuu cha Usawa wa Afya Duniani. Gisenyi ina maswali mengi kuliko uwezo wake wa kuyajibu, na vyuo vina watu waliosomea kujibu maswali. Kati ya pande hizo mbili ipo barabara ya kilomita 150 hivi, na ipo hali ya moyo ya mhadhiri mwenyewe. Mhadhiri wa tiba anabakije na hamu ya kutafiti mwaka baada ya mwaka, baada ya shahada ya uzamivu kupatikana na cheo kupandishwa? Jibu langu, ambalo nitalitetea, ni kwamba hudumu yule ambaye swali ni lake, na ambaye jibu humrudia kwenye wodi yake. Fedha, muda na wenzake ni vya lazima, lakini vyote vinalitumikia swali. Pasipo swali vinawaka kama moto wa mabua.

Tuanze na siku yake ilivyo. Mchukue daktari bingwa wa watoto anayefundisha. Saa moja asubuhi yuko kwenye kikao cha kupokezana zamu. Saa mbili anaanza raundi, nyuma yake msururu wa wanafunzi, na kila kitanda kina mambo mawili ya kushughulikia: mtoto anayeumwa na kijana anayejifunza. Mchana kliniki, alasiri mhadhara, jioni tasnifu za wanafunzi wa uzamili zinazosubiri kusahihishwa. Kikao cha idara kinaangukia katikati, na barua ya wizara inataka majibu kesho. Laptopu ya utafiti inafunguliwa saa nne usiku, nyumba ikiwa imelala. Andiko la ruzuku alilolianza wiki tatu zilizopita liko ukurasa uleule.

Mtu huyo halipwi kwa kutafiti. Analipwa kwa kutibu na kufundisha, kisha anapandishwa cheo kwa makala alizochapisha. Hapo pana mtego mkubwa katika vyuo vyetu vyote vya tiba, kuanzia Muhimbili na Makerere hadi Huye, na tunaujua bila kuutaja. Makala zinageuka ngazi. Mtu anatafuta mada inayochapishika haraka, anakusanya dodoso, anafikisha idadi inayotakiwa, anapata uhadhiri mwandamizi, kisha kalamu inalala. Simlaumu. Mfumo ulimwomba makala, naye alitoa makala.

Historia ya Rwanda inaongeza uzito wake. Kitivo cha tiba kilizaliwa Butare, Huye ya leo, mwaka 1963 pamoja na chuo kikuu cha taifa chenyewe. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994 yaliwaua walimu na wanafunzi, na wengine wakatawanyika. Masomo yalirudi 1995 kwa watu wachache mno. Kizazi kilichojenga upya kitivo hicho kilijenga kwanza mikono ya kutibu, na sioni nani angethubutu kusema wangeanza na kingine. Mwaka 2012 Wizara ya Afya, chini ya Agnes Binagwaho, ilianzisha mpango wa miaka saba ulioleta walimu kutoka vyuo vya Marekani, kila mgeni akitarajiwa kufanya kazi bega kwa bega na mwenyeji kama pacha wake. Mpango ule ulizalisha madaktari bingwa wengi. Undugu wa mapacha ulikuwa mgumu zaidi, kwa sababu rahisi kabisa: mwenyeji alikuwa mmoja, wodi ni yake, darasa ni lake, na mgeni alitaka kuongea naye saa ileile ambayo wagonjwa walimtaka. Mwaka 2013 vyuo vya umma viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Rwanda, na 2023 serikali ilitangaza mageuzi ya kuongeza wahudumu wa afya mara nne katika miaka minne. Wanafunzi wakizidi mara nne na walimu wasizidi kwa kasi hiyo, kitakachokatwa kwanza kinajulikana. Ni zile saa za usiku.

Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Edward Deci na Richard Ryan, walitumia miongo kadhaa kueleza kwa nini mtu huendelea na kazi hata pasipo kusukumwa. Walitaja mahitaji matatu: mtu awe na uhuru wa kuamua, ajione anaiweza kazi, na asiwe peke yake. Nakubaliana nao, ila naona mhadhiri wa tiba ana hitaji la nne ambalo mwenzake wa falsafa au hisabati anaweza kuishi bila hilo. Anataka kuona mgonjwa anayefuata akitibiwa vizuri kuliko yule aliyetangulia. Ukimnyima hilo, hata umpe ofisi na posho, atarudi kwenye kliniki, maana kule angalau mtu anaingia na homa na kutoka mzima.

Mfano bora wa hayo uko kwenye mpaka mwingine wa ziwa jingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wilayani Rakai, Uganda, karibu na mpaka wa Tanzania, wavuvi na wafanyabiashara walianza kukonda na kufa. Watu waliuita ugonjwa ule Slim. Upande wa Kagera waliuita Juliana, kwa jina la mashati ya biashara ya magendo yaliyokuwa yakivuka mpaka siku hizo. Jina la kwanza la gonjwa, kwa hiyo, lilitolewa na wenyewe, tena kwa lugha ya sokoni. Madaktari vijana wa hospitali ya Mulago, wakiwamo David Serwadda na Nelson Sewankambo, walikwenda kuangalia, na Oktoba 1985 jarida la Lancet likachapisha makala yao, pamoja na wenzao wa Uganda na Uingereza, iliyouhusisha ugonjwa huo na virusi vya UKIMWI. Wangeweza kuishia hapo. Makala kwenye Lancet inatosha kumpandisha mtu cheo popote duniani. Badala yake walirudi Rakai, na mwaka 1988 ukaanza mradi ambao upo hadi leo. Fedha nyingi zilitoka Marekani na washirika walitoka Columbia na Johns Hopkins, lakini wagonjwa, kijiji na swali vilikuwa vya nyumbani. Mwaka 2007 Rakai ilichapisha jaribio la karibu wanaume 5,000 lililoonyesha kwamba tohara hupunguza takribani kwa nusu uwezekano wa mwanamume kuambukizwa. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilitoa mapendekezo, na Rwanda ikawa miongoni mwa nchi zilizoyafanyia kazi. Sewankambo alikuwa mkuu wa kitivo cha tiba Makerere kwa miaka mingi. Mwanafunzi aliyepita mikononi mwake alifundishwa na mtu aliyewahi kujibu swali lake mwenyewe, na hilo halifundishwi kwa slaidi.

Jean-Jacques Muyembe wa Kongo ndiye mwingine. Mwaka 1976 alikwenda Yambuku, akachukua damu ya wagonjwa bila glovu, na akamsafirisha mtawa mmoja mgonjwa hadi Kinshasa. Sampuli zilikwenda Antwerp, na kwa miaka mingi sifa ya kugundua Ebola ilikaa Ulaya. Mwaka 1995 mlipuko ulitokea Kikwit. Muyembe na wenzake waliwatia wagonjwa 8 damu ya watu waliopona. 7 kati yao waliishi. Wataalamu wa nje walisema hilo halithibitishi kitu kwa kuwa hapakuwa na kundi la kulinganisha, na kwa kanuni za sayansi walikuwa na haki. Lakini yeye hakuliachia swali. Kingamwili iliyotokana na damu ya mtu aliyepona Kikwit ikawa dawa, na dawa hiyo ikaingia kwenye jaribio lililoanza Novemba 2018 Kivu Kaskazini, katikati ya vita, likihusisha wagonjwa 681. Agosti 2019 matokeo yalitoka: kati ya waliopewa dawa hiyo walikufa takribani 35 katika kila 100, wakati waliopewa dawa ya kulinganishia walikufa karibu 50 katika kila 100. Kutoka Kikwit hadi hapo ni miaka 24. Nani angeweza kumlipa mtu mshahara wa kusubiri miaka 24? Alikuwa amekwenda Yambuku kwa miguu yake, na swali likabaki lake.

Ndani ya Rwanda mifano haikosekani. Mwaka 2020 Aline Uwimana wa Kituo cha Biomedikali cha Rwanda na wenzake walichapisha kwenye Nature Medicine ushahidi kwamba vimelea vya malaria vyenye badiliko la jeni linalohusishwa na usugu wa artemisinini vilikuwa vimezuka na kuenea Rwanda yenyewe, bila kuletwa kutoka Asia. Jina la kwanza kwenye makala lilikuwa la daktari ambaye kazi yake ya kila siku ni malaria ya nchi yake. Léon Mutesa, profesa wa jenetiki wa Chuo Kikuu cha Rwanda, amewachunguza akina mama waliokuwa wajawazito wakati wa mauaji ya kimbari pamoja na watoto waliozaliwa, kuona kama kiwewe huacha alama kwenye namna jeni zinavyofanya kazi. Swali kama hilo halitoki kwenye tangazo la ruzuku. Linatoka kwa watu unaoishi nao.

Halafu kuna ugonjwa wa Marburg. Tarehe 27 Septemba 2024 Rwanda ilitangaza mlipuko, na wengi wa walioambukizwa walikuwa wahudumu wa afya, tena wa hospitali kubwa za Kigali. Siku tisa baadaye chanjo ya majaribio ilikuwa inachomwa. Mlipuko ulipotangazwa kwisha Desemba 20, watu 66 walikuwa wameugua na 15 wamekufa, idadi ndogo mno kwa ugonjwa ambao katika baadhi ya milipuko umeua hadi 88 katika kila wagonjwa 100. Makala iliyoeleza kazi hiyo kwenye New England Journal of Medicine ilitanguliwa na jina la Sabin Nsanzimana, Waziri wa Afya ambaye mwenyewe ni mtaalamu wa epidemiolojia, na wenzake wa Rwanda walijaa kwenye orodha. Wahudumu wale waliuguza wenzao wa zamu, na bado taarifa ziliandikwa kila siku. Mwanafunzi aliyekuwa kwenye wodi hizo hahitaji kuelezwa utafiti una faida gani.

Sasa tuliguse suala la fedha kwa uaminifu, maana ni rahisi kuhubiri moyo kwa mtu ambaye hana hata vitendanishi. Nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti, na nyingi hazijafika. Pengo limezibwa na wafadhili. Mwaka 2010 Marekani ilianzisha mpango wa dola milioni 130 kwa miaka mitano kwa vyuo vya tiba vya Afrika, na Sweden imesomesha wahadhiri wa Rwanda katika shahada za uzamivu tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Nimeona matunda ya misaada hiyo na siidharau. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwaka 2025 ulitufundisha upande wa pili. USAID ilivunjwa, na Mei 1 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zikatangaza kusitisha utaratibu wa kugawia taasisi za nje ruzuku kupitia vyuo vya Marekani. Watu wa takwimu, wauguzi wa utafiti na madereva wa sampuli walipoteza kazi katika kanda nzima kwa barua pepe moja.

Hata ruzuku inapokuwepo, inaweza kuua hamu badala ya kuiamsha. Mhadhiri anapewa dodoso lililotungwa Boston au London. Anakusanya damu, anaijaza friji, sampuli zinasafiri. Baada ya miaka miwili makala inatoka na jina lake liko la tisa kati ya ishirini, palipobanana. Mwaka 2018 Lancet Global Health ililaani hadharani utafiti wa namna hiyo, wa watu wanaoshuka kwa parachuti, kuchukua na kuondoka. Laana hiyo ni ya haki, ila naomba tuitazame pia nyumbani. Profesa wetu anayeweka jina lake kwenye tasnifu ambayo hakuisoma anafanya jambo lilelile bila kupanda ndege.

Kuhusu kusoma na kuchapisha nitasema machache. Mpango wa Hinari wa Shirika la Afya Duniani umefungua majarida kwa nchi maskini tangu 2002, na mhadhiri asiyeutumia hana kisingizio. Ada ya kuchapisha kwenye jarida la wazi ni jambo jingine. Isipopunguzwa, mara nyingi huzidi mshahara wake wa mwezi.

Upweke nauogopa kuliko ada. Mtafiti mmoja kwenye idara ya watu kumi huchoka ndani ya miaka mitatu. Wawili wanaokutana kila Alhamisi kusoma makala moja na kuibishania huenda mbali, kwa sababu kila mmoja anaona aibu kufika mikono mitupu. Kikao hicho hakigharimu zaidi ya chai. Hospitali za mikoani zinakosa hasa huyu mtu wa pili. Daktari wa Gisenyi mwenye wazo hana wa kumwambia, na likikaa wiki mbili bila kusemwa linazikwa chini ya mafaili.

Na mawazo Gisenyi yapo, tena ya kiwango cha dunia. Kwenye mabonde ya lava kuzunguka Goma na Gisenyi kuna hewa nzito ya kaboni dioksidi inayotuama na kuua watoto na mbuzi. Wenyeji huiita mazuku, upepo mbaya, na neno hilo la Kiswahili limeingia hivyohivyo kwenye maandishi ya wanavolkano wa dunia nzima. Wanajiolojia wamelichukua, madaktari wetu wamelifanyia nini? Volkano ya Nyiragongo ililipuka Mei 22, 2021, na matetemeko yaliyofuata yalipasua nyumba na barabara za Gisenyi huku maelfu wakikimbia kutoka Goma. Usiku wa kuamkia Mei 3, 2023, mafuriko na maporomoko yaliua watu zaidi ya 130 magharibi na kaskazini mwa Rwanda, na mto Sebeya ukasomba makazi ya Rubavu. Mwaka 1994 kipindupindu na kuhara miongoni mwa wakimbizi ng'ambo ya mpaka, pale Goma, viliua watu takribani 50,000 ndani ya mwezi mmoja. Kila moja ya hayo ni somo la afya ambalo mwanafunzi wa tiba angelikumbuka maisha yake yote kama angelisomea mahali lilipotokea, na kwa lugha ya mgonjwa. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, na fomu ya ridhaa inayoeleweka pande zote mbili za kizuizi ni chombo cha utafiti sawa na darubini.

Fungua rejista ya wodi ya wazazi katika hospitali yoyote ya wilaya. Daftari pana, mistari iliyopigwa kwa rula, tarehe, umri, mimba ya ngapi, uzito wa mtoto kwa gramu, safu ya mwisho ya maelezo ikiwa imeandikwa kwa herufi ndogo kwa sababu nafasi imekwisha. Muuguzi wa zamu ya usiku amejaza yote hayo akiwa amechoka. Mara nyingi daftari likijaa hufungwa na kuwekwa kabatini, na hakuna anayelirudia. Mhadhiri akikaa na muuguzi huyo na wanafunzi wawili kwa alasiri nne, watajua ni saa ngapi za usiku watoto wanakufa zaidi na kama wanaovuka mpaka kujifungua wanachelewa. Hakuna ruzuku inayohitajika kuanza hapo. Wodi ikibadilisha zamu zake kwa sababu ya jibu hilo, mhadhiri yule atarudi mwezi ujao bila kuitwa.

Ombi langu kwa Chuo Kikuu cha Rwanda, kwa Wizara na kwa wakuu wa hospitali ni dogo na linapimika. Kila mhadhiri wa tiba apewe siku moja kwa wiki ya utafiti, iandikwe kwenye ratiba ya zamu na iheshimiwe kama siku ya upasuaji. Vigezo vya kupandisha cheo viulize pia ni kitu gani kilibadilika wodini kutokana na makala. Idara za Huye na Kigali ziwe na watu wanaohamia Gisenyi kwa miezi sita kila mwaka, wakiwa na chumba chenye mlango, intaneti na karani mmoja wa takwimu. Na waanze na deni lililopo. Watu zaidi ya 200,000 walinyoosha mkono wakati wa Umurinzi, wengi wao bado wanapita Petite Barrière kila asubuhi na mabeseni yao, na wanastahili mwalimu wa tiba wa nchi yao aje kuwauliza wanaendeleaje.